Kufika, Kuhudumu na Kurudi: Mwongozo wa Usalama na Njia kwa Wafanyakazi wa Misaada Kivu

Asubuhi ya tarehe 22 Februari 2021, magari mawili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliondoka Goma kuelekea Rutshuru kwa barabara iliyokuwa imeidhinishwa kupitwa bila walinzi wenye silaha. Karibu na Kibumba, katika wilaya ya Nyiragongo, watu wenye bunduki waliyasimamisha. Dereva Mustapha Milambo aliuawa, na balozi wa Italia Luca Attanasio pamoja na askari wa ulinzi wake, Vittorio Iacovacci, wakafa baada ya kuswagwa kuelekea msituni. Kila anayepanga safari mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anapaswa kulikumbuka tukio hilo pale anapoambiwa kwamba barabara fulani ni ya kijani kwenye ramani, kwa sababu rangi hiyo inaeleza yaliyopita tu.

Mwongozo huu ni kwa mratibu wa mradi, msimamizi wa usafiri na mkuu wa kituo anayefanya kazi Kivu ya Kaskazini au ya Kusini. Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime: usalama wa wafanyakazi na ruhusa ya kuwafikia watu ni kazi moja. Katika ofisi nyingi kazi hizo hugawanywa, mmoja akizungumza na wakuu wa makundi na mwingine akihesabu kufuli na nyaya za ukuta. Matokeo yake, anayejadiliana hajui dereva aliambiwa nini kwenye kizuizi jana, na anayezuia safari hajui kwamba juzi ilitolewa ahadi ya kufika.

Hatua ya kwanza: jua nani anashika nini, na tangu lini

Fanya uchunguzi wa kipande kimoja cha barabara baada ya kingine, wala usiridhike na picha ya mkoa mzima. Goma hadi Sake ni kipande kimoja, Sake hadi Masisi ni kingine, Sake hadi Minova ni kingine tena. Kwa kila kipande andika daftarini anayekishika, jina la mkuu wake, namba yake ya simu, anayempa amri, na tarehe uliyothibitisha hayo. Utakuta jeshi la serikali, FARDC, utakuta waasi wa M23, waliorudi vitani mwishoni mwa 2021, wakaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, utakuta Wazalendo, jina linalofunika makundi mengi ya wenyeji ambayo makamanda wake hawamtii mtu mmoja, utakuta FDLR, waasi wa Kihutu wenye asili ya Rwanda, na ukielekea Beni, Lubero na Ituri kuna ADF, waasi wenye asili ya Uganda, kundi ambalo mpango wowote unaotegemea kuzungumza nalo ni mpango mbovu. Tarehe ndiyo safu muhimu kuliko zote katika daftari hilo, maana Wazalendo wa Jumatatu si lazima wawe Wazalendo wa Alhamisi.

Taarifa za OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, na za INSO, shirika linalofuatilia matukio ya usalama kwa niaba ya asasi zisizo za kiserikali, ni za kutegemewa, na kukosa mikutano yao ni uzembe. Hata hivyo, nyingi huja baada ya tukio. Anayejua mapema ni mama anayeshusha jibini kutoka Masisi, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayepita njia hiyo mara mbili kwa siku, na muuguzi wa kituo cha afya. Ukiwapigia, usiulize kama kuna usalama, kwa kuwa mtu mwenye adabu atakujibu kwamba upo. Uliza kama soko la jana lilijaa, kama watoto wamekwenda shule, kama nauli ya pikipiki imepanda. Soko lililofungwa siku yake bila msiba unaojulikana ni sababu tosha ya kuahirisha safari. Na usivuke mpaka: usimwulize mtu idadi ya askari wala aina ya silaha, wala usimlipe kwa taarifa, kwani siku hiyo umemgeuza jasusi na yeye ndiye atakayebaki kijijini.

Hatua ya pili: pima kama safari inastahili

Hatua hii ni fupi lakini hurukwa sana. Kupeleka chanjo na damu ni jambo moja. Kumtembeza mgeni wa mfadhili apige picha ni jingine, na hatari ileile inayokubalika kwa la kwanza haikubaliki kwa la pili. Andika sababu ya safari kwa sentensi moja. Kisha weka kanuni kwamba yeyote aliyemo garini, dereva akiwemo, anaweza kusema turudi bila kutakiwa kujieleza papo hapo na bila kuadhibiwa baadaye.

Hatua ya tatu: jadilini njia, na mkubalike na watu

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Msingi wa kisheria upo: Kifungu cha 3 cha pamoja cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinaruhusu shirika la kibinadamu lisilopendelea, kama Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kutoa huduma zake kwa pande zote zinazopigana, na Azimio 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la 1991 limeweka kanuni za ubinadamu, kutopendelea na kutoegemea upande. Kijana aliyeshika kamba kizuizini hatajali karatasi hizo. Mkubwa wake anayetaka kuonekana mtawala halali mara nyingi hujali, ndiyo maana mazungumzo huanzia juu, kisha yakateremka ngazi kwa ngazi mpaka yamfikie kijana huyo.

Kabla ya kupiga simu ya kwanza, amueni mnaomba nini hasa. Ombi la kuruhusiwa kufanya kazi katika eneo fulani halina mwisho wala mwanzo. Ombi la magari mawili yenye namba hizi, kubeba dawa hizi, kutoka hapa hadi pale siku ya Jumanne na kurudi siku hiyohiyo, linaweza kukubaliwa au kukataliwa waziwazi. Nendeni watu wawili, mmoja aseme na mwingine aandike. Maneno mnayomwambia afisa wa serikali yawe yaleyale mnayomwambia afisa wa waasi, kwa sababu wana ndugu na marafiki pande zote mbili na watalinganisha. Baada ya mazungumzo tumeni ujumbe mfupi unaorudia mliyokubaliana, hata kama hautajibiwa. Msipeleke zawadi, hata katoni ya maji ya kunywa.

Mipaka isiyojadiliwa iandikwe na ijulikane na kila mfanyakazi, mpishi na mlinzi wa lango wakiwemo. Hatubebi mtu mwenye silaha wala mwenye sare. Hatutoi orodha ya majina ya wanaosaidiwa. Haturuhusu bunduki kwenye uwanja wa mgao. Hatulipi kizuizini. Katika sehemu nyingi za Kivu mwananchi hulazimishwa kununua jetoni, kikaratasi kinachoonyesha kwamba amelipa kodi ya kundi lenye silaha, na dereva wa shirika ataambiwa kwamba nauli ya kupita ni ndogo kuliko bei ya soda. Akilipa leo, kesho bei itapanda, na shirika dogo linalokuja nyuma, lisilo na fedha hiyo, litazuiwa.

Wengine huogopa kwamba kuzungumza na kundi lililowekewa vikwazo ni kosa. M23 wamo katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu mwisho wa 2012, lakini vikwazo vya kuzuia mali havikatazi mazungumzo, na Azimio 2664 la Baraza la Usalama la Desemba 2022 liliziondoa shughuli za kibinadamu katika katazo hilo la mali. Sheria za nchi ya mfadhili zinaweza kuwa kali zaidi; mwanasheria wa makao makuu azisome mkataba unapotiwa saini, asingoje gari likwame njiani.

Ridhaa ya makamanda ni nusu tu. Nusu ya pili iko kwa mwami, yaani mtawala wa jadi, kwa wakuu wa vijiji, makanisa, vijana na kamati za wakimbizi wa ndani. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 ulilionyesha jambo hili kwa uchungu. Fedha na magari yaliingia Beni na Butembo kwa wingi, mara nyingine pamoja na askari, katika miji ambayo wakazi wake walikuwa wamezika ndugu waliouawa kwa miaka kadhaa bila kuona msaada wa namna hiyo. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili 19 mwaka huohuo Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo akiwa hospitalini kikazi. Ukuta mrefu zaidi usingelijibu swali lililokuwa mitaani, yaani kwa nini wamekuja leo na hawakuja jana.

Nimewahi kuwa sehemu ya kosa kama hilo kwa kiwango kidogo. Tulikuwa tugawe mablanketi, masufuria na madumu kwa wakimbizi wa ndani waliohifadhiwa na familia za kijiji kimoja, na orodha ya majina tukaibandika jioni kwenye ukuta wa shule. Alfajiri tulikuta magogo barabarani na vijana wamekaa juu yake. Hakuna aliyetutukana. Mama mmoja mzee alikuja hadi dirishani, akamwambia mwenzetu mwenyeji: "Mwanangu, hawa wageni ninawalaza mimi, na mihogo yangu imekwisha. Je, ninyi mmewahi kuniuliza jina langu?" Tulikaa kanisani saa tatu nzima. Vigezo vikasomwa kwa sauti, kamati ikaongezwa watu wa familia wenyeji, nao wakaingizwa katika hesabu, na mgao ukafanyika siku mbili baadaye bila mlinzi yeyote. Katika ripoti ya ofisi tukio lile liliandikwa kama tishio la usalama, na mpaka leo sikubaliani na neno hilo.

Hatua ya nne: angalia nani anatumwa wapi

Mwaka 2024 wafanyakazi wa misaada zaidi ya 380 waliuawa duniani, na kama ilivyo kila mwaka, walio wengi mno walikuwa raia wa nchi walizofanyia kazi. Bado mipango mingi ya usalama huandikwa kana kwamba anayelindwa ni mgeni. Kivu, kitambulisho kinachosomwa kizuizini kinaonyesha jina na mahali pa kuzaliwa, na mambo hayo mawili yanaweza kumfanya mtu ahesabiwe kuwa adui kwenye barabara ambayo mwenzake anapita akiimba. Mwulize mfanyakazi mwenyewe, faraghani na kwa kila njia, kama anajiona yuko salama kupita. Usimkisie kwa kabila lake, na usimlazimishe akikataa. Mwanamke aulizwe pia kuhusu mahali pa kulala na choo, mambo yanayoonekana madogo mpaka gari likwame usiku.

Ridhaa hiyo iwe ya kweli, nayo hutegemea kuambiwa hatari yote ilivyo. Mnamo Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba shirika la misaada la Norwei, Norwegian Refugee Council, lilifanya uzembe mkubwa kwa mfanyakazi wake aliyejeruhiwa na kutekwa Dadaab, Kenya, mwezi Juni 2012, katika msafara uliokwenda bila walinzi wenye silaha ingawa hatari ya utekaji ilijulikana. Tangu hapo hakuna mkurugenzi anayeweza kusema kwamba wajibu wa kumlinda mfanyakazi ni suala la hisani. Bima ya dereva, hasa wa gari la kukodi, ikaguliwe kwa macho kabla ya safari. Mara nyingi ndiyo inayokosekana.

Hatua ya tano: safari yenyewe

Ondokeni jua likiwa limechomoza, na magari yawe yameegeshwa kabla ya saa kumi jioni. Yawe mawili, yenye bendera, nembo na stika ya kukataza silaha, na tangi lisipungue nusu. Ndani kuwe na redio, simu ya setilaiti iliyojaribiwa asubuhi hiyo nje ya jengo, sanduku la huduma ya kwanza lenye mkanda wa kufunga jeraha linalovuja damu, maji, na hati ya safari, ile ambayo huko kila mtu huiita ordre de mission, ikiwa na majina yanayolingana na watu waliomo. Jina moja lisilolingana linaweza kuwagharimu nusu siku.

Mtu wa redio ofisini awe na orodha ya vituo na saa. Gari lisiposikika, baada ya dakika 15 anapiga, baada ya 30 anamwita mkuu wa kituo, baada ya saa moja zinaanza kupigwa simu kwa watu waliomo kwenye lile daftari. Asiachiwe abuni utaratibu huo siku ya tatizo.

Kizuizi kinastahili mazoezi, tena ya vitendo uani kwa ofisi. Kwa kawaida utaona mwanzi au kamba iliyotundikwa mifuko ya plastiki, kibanda cha turubai, na vijana watatu ambao wawili tu wanaonekana. Dereva anapunguza mwendo mapema, mita 50 kabla, anazima taa kubwa na muziki, anashusha kioo nusu. Ikiwa giza limeingia anawasha taa ya ndani. Miwani ya jua inavuliwa, simu zinawekwa chini kabla ya kufika, mikono inaonekana. Anayezungumza ni mmoja, aliyepangwa tangu asubuhi, na huanza kwa salamu kamili ya Kiswahili, bila haraka: habari za kazi, poleni na baridi. Gari la pili linabaki nyuma kiasi cha kuweza kugeuza. Pua ikisikia harufu ya pombe, mazungumzo yanafupishwa, na mkikataliwa mnarudi bila kubishana. Wakitaka simu au fedha kwa kuelekeza mtutu, wapewe. Katazo la kulipa halikuwekwa kwa ajili ya dakika hiyo; anayenyang'anywa hajalipa.

Hatua ya sita: suala la walinzi wenye silaha

Mwongozo wa pamoja wa mashirika ya kibinadamu wa 2013 unasema walinzi wenye silaha watumike pale tu ambapo njia nyingine zote zimeshindikana na mahitaji ya watu ni makubwa. Nakubaliana nao, na Kivu sababu inaonekana kwa macho: anayekusindikiza ni upande mmoja wa vita, na adui yake anaweza kukuhesabu pamoja naye. Mnamo Julai 2022 waandamanaji walivamia vituo vya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, Goma na Butembo, na gari lililozoeleka kufuata magari ya kikosi hicho lilikuwa na sababu ya kuhofu. Lakini hukumu ya Oslo inakumbusha kwamba kukataa walinzi nako ni uamuzi wa usalama, unaohitaji sababu zilizoandikwa, mtu aliyetia saini, na hatua mbadala zinazopunguza hatari. Asiyeweza kuzionyesha hatua hizo hajafuata kanuni, ameacha tu.

Hatua ya saba: fedha na taarifa

Baada ya Goma kutekwa mwaka 2025, benki zilifunga na uwanja wa ndege ukafungwa, na mashirika yakajikuta yakitafuta noti za kulipia mishahara. Fedha taslimu huvuta wezi kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi siri hutoka ndani. Gawanya kiasi, badilisha siku na mbebaji, tumia malipo ya simu inapowezekana, na idadi ya wanaojua iwe ndogo kuliko idadi ya vidole vya mkono mmoja. Orodha za wanaosaidiwa zisisafiri kwenye kompyuta inayopita vizuizini, maana pale kijana mwenye bunduki ataitaka na hutakuwa na hoja.

Hatua ya nane: mambo yanapoharibika

Panga mambo matatu tofauti: kujifungia ndani, kuhamia mji mwingine, na kuondoka nchini. Waliokuwa Goma mwishoni mwa Januari 2025 wanajua kwamba la kwanza ndilo huja bila kuuliza. Chumba cha katikati, mbali na madirisha, kiwe na maji, chakula kisichohitaji kupikwa, magodoro, dawa za kila mtu na betri za wiki mbili. Nyaraka na diski zijulikane mapema ni zipi zitateketezwa na nani atafanya hivyo.

Kuondoka kunategemea mpaka wa Gisenyi wa kuingia Rwanda, mashua za Ziwa Kivu au barabara ya kwenda Uganda, na njia yoyote kati ya hizo inaweza kufungwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mpango wenye njia moja si mpango. Swali gumu ni la wafanyakazi wenyeji. Kama shirika halitawavusha mpaka, liwaambie siku ya kuajiriwa, kwa maandishi, na liwaambie pia litakalofanya: mishahara ya miezi mitatu mapema, kuwahamisha na familia zao ndani ya nchi, kuhifadhi mafaili yao ya kazi mahali pasipofikiwa na wavamizi. Kuwaona wageni wakipanda magari na kuambiwa tutawasiliana ni jambo ambalo watu hawalisahau, na ofisi itakaporudi italikuta.

Kwa utekaji, kila mfanyakazi ajaze mapema bahasha yenye maswali ambayo yeye peke yake anajua majibu yake, ili ithibitike kwamba yu hai. Tukio likitokea, mzungumzaji ni mmoja, familia inapewa mtu wake wa kuwa nayo kila siku, na hakuna anayeandika neno mtandaoni. Mkuu wa kituo asiwe mjadiliaji. Anahitajika kuamua, na anayeamua hapaswi kushika simu.

Hatua ya tisa: baada ya kurudi

Gari likiingia uani, watu hukimbilia kuoga na dereva hubaki kuosha tope. Nenda kwake kwanza, na maji ya kunywa mkononi, umwulize mahali gani leo mguu wake ulitaka kukanyaga breki bila sababu. Nimepata majibu ya namna hii: kwenye kona ya tatu baada ya daraja hapakuwa na watoto wa kupunga mkono kama siku zote, yule wa kizuizini leo alijua jina langu. Yaandike daftarini usiku huohuo, pamoja na tarehe, kwenye ukurasa wa kipande hicho cha barabara, kisha umsomee ulichoandika ili arekebishe.